Unga wa Siku Moja

Kila Jumatano baada ya shule, Kezia alimsaidia bibi yake, Ntirampeba, kumenya mihogo michungu na kuiloweka kwenye pipa nyuma ya nyumba yao, pembeni mwa mji wa Kasulu. Ilipaswa kukaa majini siku nne ili sumu itoke. Bibi hakuwahi kukosea. Alikuwa mpole, mtu wa utaratibu, na majirani walimwita aje kukagua mihogo yao.

Mwaka huo alianza kubadilika. Alisahau majina, akawa mkali. Siku moja alimshika Kezia mkono mbele ya wenzake.

"Mwizi wewe! Kitenge changu umekipeleka wapi?"

Kitenge chenyewe Bibi alikuwa amekivaa. Wenzake walicheka. Kezia hakulia wala hakukasirika. Hakumwambia mama yake.

Alhamisi alipotoka shule, alimkuta Bibi ameshaiopoa mihogo. Ilikuwa bado migumu, naye alikuwa anaikatakata.

"Bibi, tuliiloweka jana tu."

"Jana? Siku nne zimekwisha! Unanifundisha mihogo, wewe mtoto?"

Kezia akamsaidia kuianika. Jumapili mchana Bibi aliitwanga.

Jioni mama yake, Esteri, alibandika maji ya ugali. Irakoze, mdogo wake Kezia mwenye miaka mitatu, alikuwa ameshakaa mkekani akigonga sahani. Mama akachota unga.

"Mama, usisonge," Kezia alisema. "Mihogo hiyo ililala majini siku moja."

"Mwongo!" Bibi alifoka. "Huyu mtoto hanipendi!"

"Una uhakika, Kezia?"

"Ndiyo. Na kuna mengine sijakuambia."

Mama aliumwaga unga wote shimoni. Walikula viazi. Bibi aligoma kula.

Usiku huo Kezia alimweleza mama yake yote, na kesho yake walimpeleka Bibi hospitali.

"Bibi, leo ni siku gani?" muuguzi aliuliza.

"Siku ya watoto kuuliza wakubwa maswali," Bibi alijibu.

Muuguzi alicheka kidogo, akaendelea kumpima. Baadaye alizungumza na Mama. "Ubongo wake unaugua. Ukali na kushuku watu ni ugonjwa, si chuki. Hatuna dawa ya kuuponya. Lakini ule utaratibu wake haujaondoka wote. Mwacheni afanye kazi alizozoea, kwa saa zilezile, na mtu mzima awe karibu."

Tangu wiki hiyo Bibi alimenya na kuosha, ila kuopoa ikawa kazi ya Mama.

"Niliogopa kumwaibisha," Kezia alimwambia mama yake walipokuwa wakianika mihogo.

"Ugonjwa si aibu, mwanangu. Lakini ulinyamaza siku tatu, na mdogo wako nusura ale sumu. Jambo kama hilo mtoto halibebi peke yake. Ukiliona, liseme siku hiyohiyo, hata kama aliyekosea ni mtu unayempenda."

Kezia aliitika. Hapo ndipo alipolia.