Nyumba Mpya na Jua la Zaina

Kila asubuhi, jua likipanda juu ya vilima, Zaina Nyirahabimana hufungua mlango wa chumba chake cha mbele. Hunyunyiza maji kidogo barazani ili vumbi litulie. Kisha huketi kwenye cherehani, hubonyeza swichi na kusema, "Alhamdulillah." Mota huitikia kwa kunguruma, na kazi huanza.

Zaina ni fundi wa nguo mtaani Mbugangari, mjini Gisenyi. Zamani alikanyaga cherehani kwa miguu kama mafundi wengine. Kisha akaanguka kwenye pikipiki, mguu wa kulia ukavunjika, na nguvu zake hazikurudi. Alikaa miezi mingi bila kazi, mikono mizima lakini haina la kufanya. Ndipo wanawake wa kikundi chake cha akiba walipomletea zawadi: paneli mbili za sola, betri, na mota ndogo ya cherehani. Siku ile Zaina alilia mbele za watu bila kuona haya. Mpaka leo mteja akisifu mshono wake, yeye hujibu, "Shukuru wale wamama. Na shukuru jua."

Paneli zile, ambazo mtaani huitwa plake, zilifungwa na mumewe, Dauda. Dauda ni dereva wa lori la viazi vya Bugeshi, na ni mtu wa utani. Lakini kwa wezi hana utani. Hakuziweka juu ya nyumba. Aliziweka juu ya jiko, kibanda kifupi kilichojificha nyuma ya ukuta wa ua.

"Hapa hata ndege haitaziona," alisema, akajipongeza.

Upande wa mawio, nyuma tu ya ukuta huo, palikuwa na uwanja mtupu. Watoto walicheza mpira pale, na mbuzi walikula majani. Jua la asubuhi lilipita juu ya uwanja ule bila kizuizi, likatua kwenye paneli. Zaina alilihitaji sana jua la asubuhi, maana mchana mawingu hushuka kutoka milimani na kufunika mji.

Jumamosi moja watu wa mtaa walimaliza umuganda, ile kazi ya pamoja ya mwisho wa mwezi. Walikuwa wamezibua mtaro. Wakaketi kwenye nyasi, matope miguuni, kusikiliza mkutano. Injinia Mugabo, kijana aliyekulia Tanzania, akafungua mchoro mkubwa.

"Ndugu zangu," alisema, "kwenye uwanja ule tunapanga kujenga nyumba za bei nafuu. Zitakuwa za familia ambazo hazina makazi mazuri. Safu moja itakuwa ya nyumba fupi, kando ya barabara. Safu nyingine itakuwa ya ghorofa, huku ndani. Kuna mwenye swali?"

Kimya. Mtu mmoja akakohoa. Kisha mwingine akapiga makofi, na wote wakafuata. Zaina naye akapiga. Watu wa Gisenyi tuna adabu nyingi mikutanoni. Tunakubali uwanjani, tunabisha jikoni.

Alipofika nyumbani na Dauda, Zaina aliona vijiti vyekundu vimechomekwa ardhini, hatua chache kutoka ukuta wao. Alisimama akavitazama. Ndipo akaelewa maana ya "huku ndani".

"Dauda! Ghorofa itasimama hapa. Hapa, mbele ya plake zangu!"

Dauda akakuna kichwa. "Aah. Ni kweli."

"Asubuhi jua itakuwa nyuma ya ghorofa. Saa ya muchana iko mawingu. Mi nitashona na nini? Na huu muguu?"

"Sasa kwa nini ulipiga makofi?"

"Na wewe je? Ulipiga kushinda mimi!"

Dauda akatazama viganja vyake. Alikuwa amepiga kweli, tena kwa nguvu.

Jioni ile binti yao, Umutesi, aliingia mbio, kitenge kikimdondoka begani. Umutesi, mumewe Shema na mapacha wao wanaishi katika chumba kimoja cha kupanga. Wanapika kwenye korido. Mvua ikinyesha usiku, vitanda husogezwa ili visilowe.

"Mama! Papa! Shema alituandikisha kwa nyumba mupya. Wametukubali! Wakijenga tu, sisi tuko ndani. Mama, nitakuwa jirani yako. Utaniita kwa dirisha!"

Zaina alimkumbatia. Alimkumbatia sana, ili binti asimwone uso. Furaha na huzuni vilikuwa vimemjia pamoja. Aseme ghorofa zisijengwe? Mwanawe atabaki kwenye chumba kinachovuja. Anyamaze? Cherehani itanyamaza pia.

Siku zilizofuata baadhi ya majirani walimchochea. "Tukatae nyumba zote," walisema. Dauda alisema, "Tunyamaze. Ukisema sana, utaitwa mubishi." Zaina hakujua la kushika.

Kilichomwokoa ni shati la shule. Jirani yake Illuminée alikuja kuchukua sare ya binti yake, Alliance. Illuminée alizaliwa Goma, Kongo, akarudi Rwanda na wazazi wake, na sasa anafanya kazi katika ofisi inayoshughulikia viwanja na ujenzi. Aliinua shati, akaligeuza, akacheka mpaka akashika ubavu.

"Mama Umutesi! Alliance haiko na mukono mugongoni!"

Zaina akatazama. Kweli, mkono mmoja wa shati ulikuwa umeshonwa kinyumenyume. Alijaribu kucheka, akalia badala yake. Akamweleza Illuminée yote: ghorofa, jua, mguu na Umutesi. Illuminée akavuta kigoda, akaketi.

"Bon. Nisikilize. Kwanza, ule mupango haujapitishwa. Iko ukutani kwa ofisi ili watu wauone na waseme. Wanangojea maneno yenu mupaka mukutano ya mwezi hii."

"Lakini tulipiga makofi."

"Makofi haiko saini, mama. Mupango sasa ni muchoro tu, na muchoro unafutika. Ukuta ikishasimama, hapo utalia bure."

Zaina akafuta machozi kwa kipande cha kitambaa.

"Pili," Illuminée akaendelea, "iko kanuni ya sola ndani ya ule mupango. Kama mutu anajenga karibu na nyumba iko na plake, lazima aonyeshe kivuli itaanguka wapi. Wale mainjinia walipita hapa, wakahesabu plake zote za mutaa. Zenu hawakuandika."

"Kwa nini wametuacha sisi?"

"Ziko wapi?"

Zaina akaelewa. Akamgeukia mumewe, aliyekuwa mlangoni akinywa chai. Dauda alikuwa amezificha wezi wasizione, na wapimaji hawakuziona pia.

"Hata ndege haitaziona," Zaina akamkumbusha kwa sauti tamu. Dauda akazama ndani ya kikombe chake.

"Donc, basi, musikatae nyumba," Illuminée akasema. "Watu wanazihitaji, na Umutesi anaihitaji. Na musinyamaze. Mwende mukaonyeshe shida, halafu mupeleke na njia ya kuimaliza. Ofisi inasaidiwa na mutu anakuja na njia."

"Mimi niko fundi wa nguo. Injinia nitamuonyesha nini?"

"Kivuli. Muipime tu, hapa hapa."

Kesho yake Dauda alileta mlingoti mrefu wa mkaratusi kwenye lori lake. Illuminée alikuwa amewaambia urefu wa ghorofa, nao waliukata sawa na huo. Asubuhi waliusimamisha penye vijiti vyekundu, wakaukaza kwa kamba. Majirani wakatoka kuchungulia.

"Dauda, unapandisha bendera ya inchi gani?" mmoja akauliza.

"Ya inchi ya viazi!" Dauda akajibu. "Njoo ushike kamba, we mwananchi!"

Jua likachomoza. Kivuli cha mlingoti kikalala juu ya jiko, moja kwa moja kwenye paneli. Zaina aliketi kwenye kigoda akikitazama. Mafundi wengine wa mtaa walifungua kazi, kivuli bado kipo. Watoto wa shule walikwenda mapumziko, kivuli bado kinakokota mguu. Kilipoondoka, mawingu ya kwanza yalikuwa yameanza kuning'inia milimani.

Asubuhi nyingine walihamisha mlingoti hadi ng'ambo ya uwanja, karibu na barabara, pale zilipopangiwa nyumba fupi, waone ingekuwaje ghorofa zikijengwa kule. Safari hii kivuli kilifika paneli jua lilipochomoza tu. Zaina alipomaliza kunyunyiza maji barazani, kilikuwa tayari kimerudi uwanjani. Kisha Dauda akapanda juu ya nyumba yao kubwa na kushika kipande cha bati badala ya paneli. Kule juu kivuli hakikumgusa kabisa.

"Ayiwe!" Zaina akapaza sauti kwa furaha. "Dauda, baki hapo hapo!"

"Nitabaki kufanya nini? Mi si plake!"

Zaina alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya mkutano.

Mwezi ulipoisha, watu walikusanyika tena baada ya umuganda. Injinia Mugabo akauliza kama ilivyo ada, "Kuna mwenye swali?" Kimya kikaanza kutanda. Mtu mmoja akainua mikono apige makofi.

"Muningojee kidogo," Zaina akasema.

Alisimama kwa kuegemea bega la Dauda.

"Nashukuru sana kwa hizi nyumba," alisema. "Binti yangu atalala pakavu. Nani hatashukuru? Lakini mimi nashona na jua. Plake zangu hamukuziona kwa sababu sisi tulizificha. Kosa ni ya kwetu. Tulisimamisha mulingoti, tukaona kivuli kwa macho. Naomba muende muione na nyie. Ghorofa ziende kando ya barabara, nyumba fupi zije huku kwetu. Nyumba haitapunguka hata moja."

Injinia hakuchukia. Aliinama juu ya mchoro wake, kisha akasema twende tukaone. Umati mzima ukamfuata hadi uwanjani. Zaina akaonyesha mahali kivuli kilipofika kila mara mlingoti uliposimamishwa, maana Dauda alikuwa ameweka mawe.

"Mama, nakushukuru," Mugabo akasema. "Hii ndiyo sababu tunabandika mchoro ukutani, ila watu hawatuambii kitu. Kubadilisha safu kunawezekana. Lakini nikueleze ukweli. Jua la mapema sana litazibwa kidogo hata hivyo, na siwezi kuzuia mtu kujenga kwa sababu ya paneli zilizo chini namna ile. Nanyi mna kazi ya kufanya. Zipandisheni juu ya nyumba. Zifungwe kwa vyuma na fundi anayejua, upepo wa ziwani usizing'oe. Zisivuke mpaka wa jirani. Na mzifute vumbi mara kwa mara kwa maji na kitambaa laini, asubuhi kabla hazijapata moto. Paneli chafu nayo imejiwekea kivuli."

"Na wezi?" Dauda akauliza. Hakuweza kujizuia.

"Juu ya nyumba kila jirani ataziona, Mzee. Macho ya majirani ni ulinzi."

Mzee mmoja nyuma naye akainua mkono. Aliuliza maji ya mvua ya ghorofa yatakwenda wapi. Kisha mama mwingine akauliza kuhusu njia ya watoto. Makofi yalichelewa sana siku ile, na mkutano ulikwisha watu wana njaa.

Mchoro ulibadilishwa, ukapitishwa, na nyumba zikajengwa. Ghorofa zilisimama kando ya barabara, zikiwa na paneli zao juu kwa ajili ya taa za ngazi na za njia. Nyumba fupi zilikuja upande wa Zaina. Yeye alilia kidogo kwa ajili ya uwanja wa mpira, maana hata alipenda kelele zake. Lakini injinia alikuwa ameacha sehemu kwa watoto, na mbuzi walijitafutia pengine.

Paneli za Zaina sasa ziko juu ya nyumba kubwa. Dauda huzifuta mwenyewe kabla ya kwenda Bugeshi, huku akijisifu kana kwamba wazo lilikuwa lake. Mkewe humwachia.

Umutesi alipewa nyumba fupi iliyo karibu kabisa na ukuta. Siku ya kuhamia, Zaina alikuwa amekwisha kushona mapazia yake yote. Alipeleka na sare mpya za mapacha, mikono ikiwa mahali pake. Illuminée alikuwepo, na wale wanawake wa kikundi cha akiba walikuwepo pia. Walikula wali, wakaimba.

Shema alifungua mlango na kumpa mkewe ufunguo. Umutesi akaingia, akafungua dirisha la upande wa wazazi, akatoa kichwa nje.

"Mama! Unanisikia?"

Zaina alikuwa amesimama uani, jua la asubuhi likimwangukia usoni. Alimtazama binti yake dirishani. Aliwatazama wanawake wale, akamtazama Illuminée. Alitaka kuwaambia wote asante kwa mara moja. Basi akainua mikono yake miwili na kupiga makofi. Alipiga peke yake, kwa muda mrefu, na safari hii alijua anampigia nani.