Harufu Ndani ya Korvena

Majira ya baridi, mji wa Komani, Afrika Kusini, huamka na barafu juu ya vioo vya magari. Kazi ya Sinazo kila asubuhi ilikuwa kuikwangua kwa kipande cha plastiki huku mama yake, Noluvo, akimsaidia Bibi kupanda kiti cha nyuma. Magoti ya Bibi yalikuwa mabovu. Alikaa na beseni la maandazi mapajani, maandazi aliyoyauza karibu na lango la shule. Mama aliwasha hita, miguu ikaanza kupata joto, na safari ikaanza.

Gari lao lilikuwa Korvena ya buluu, jipya kabisa. Mama, ambaye ni muuguzi, alikuwa amelisubiri kwa miaka.

"Mama, kuna kitu kinaungua," Sinazo alisema asubuhi moja. Alikaa mbele, kushoto, na harufu ilitokea karibu na magoti yake.

"Ni maandazi ya Bibi."

"Maandazi yangu hayanuki hivyo," Bibi alijibu kutoka nyuma. "Mimi siunguzi chochote."

Mama alicheka. "Gari jipya lina harufu yake. Nimewauliza pale dukani, wamesema itaisha yenyewe."

Haikuisha. Ilikuja na kuondoka, kama harufu ya kitana cha plastiki kilichosahaulika karibu na jiko. Mjomba Vuyisile, mdogo wake Mama, aliposikia habari hiyo alitikisa kichwa. "Huyu mtoto tumpeleke polisi, akafanye kazi na wale mbwa wa kunusa. Atatuletea mshahara."

Wote walicheka. Sinazo naye alicheka kidogo, na tangu siku hiyo akaacha kuitaja.

Baadaye Mjomba aliing'oa redio iliyokuja na gari, akisema inalia kama nyuki ndani ya kopo, akaweka yake kubwa. Nyaya aliziunganisha mwenyewe, akipiga mluzi.

Kisha ikaja Jumamosi ya mazishi ng'ambo ya mlima. Mjomba alibaki nyumbani. Ukungu ulikuwa mzito, na baridi iliwafanya wajifunike mablanketi garini. Mama alifungulia hita hadi mwisho. Walipokuwa wakiteremka mlima, Sinazo aliona uzi mwembamba wa moshi ukipanda kutoka chini ya dashibodi, kimya kimya, ukipita mbele ya magoti yake.

"Mama, simama," alisema.

Mama alitazama mara moja tu. Akaliweka gari kando ya barabara. Walishuka, lakini Bibi alikuwa nyuma na miguu yake haikutii. Sinazo alimshika chini ya kwapa, Mama akamshika miguu. Beseni la maandazi aliyowapelekea wafiwa lilipinduka. Moshi ulikuwa mweusi sasa, na ndani yake mlikuwa na rangi nyekundu. Dereva wa lori aliyekuwa nyuma yao alikuja mbio, akambeba Bibi begani kama gunia na kumpeleka mbali.

Vioo vilipasuka kimoja baada ya kingine. Dereva alimwagia moto mtungi wake wote wa kuzimia, ila moto haukujali. Waliketi kwenye majani yenye barafu wakitazama.

"Kiatu changu kimoja kimebaki humo," Bibi alisema hatimaye. "Basi. Moto umepata kiatu."

Mama ndiye aliyelia.

Wauzaji wa gari walipopigiwa simu waliuliza swali moja: je, kuna mtu aliyegusa nyaya? Kama yupo, kosa ni la mwenye gari.

"Semeni hakuna," Mjomba alisema. Uso wake ulikuwa umesawajika. "Redio imeshaungua. Nani atajua? Dada, mimi sikutaka kuwaua."

"Najua hukutaka," Mama alisema.

Shuleni, Sinazo hakuweza kusoma. Chini ya dirisha la darasa kulikuwa na Korvena nyingine, nyekundu, ya Mwalimu Ntlabathi. Kila jioni Mwalimu aliwapakia watoto wake wawili wadogo humo na kuondoka. Sinazo aliwatazama wakifungwa mikanda. Aliwaza hivi: nikitaja redio, watasema ni kosa la Mjomba na mambo yataishia hapo, na gari hili litaendelea kutembea. Nikiificha, labda watalikagua. Kwa mara ya kwanza maishani mwake, uongo ulionekana kuwa kitu chema.

Juma lililofuata alikuja mkaguzi wa magari wa serikali, Bi. Naidoo, mama wa makamo mwenye sauti ya chini. Alikuwa ameshalikagua gari lililoungua. Alikunywa chai, akauliza kama kuna kitu kilichobadilishwa ndani ya gari.

"Hakuna," Mjomba alidakia.

Bi. Naidoo alimgeukia Sinazo. "Wewe ulikaa mbele. Nieleze."

Sinazo alimtazama Mjomba, kisha Mama. Mama aliinamisha kichwa. Bibi peke yake ndiye aliyemtazama machoni.

"Mjomba aliweka redio yake," Sinazo alisema, machozi yakimlenga. "Lakini harufu ilianza kabla ya redio. Ilikuwa upande wangu, siyo katikati. Ilikuja asubuhi, Mama akiwasha hita. Mchana, hita ikiwa imezimwa, haikuwepo."

Bi. Naidoo aliweka kikombe chini polepole. "Una uhakika ilianza kabla ya redio?"

"Nina uhakika. Walinicheka kwa ajili ya harufu hiyo, na Mjomba alikuwa bado hajaileta redio."

"Ni kweli," Mama alisema. "Alituambia. Hatukumsikiliza."

Bi. Naidoo alimgeukia Mjomba. "Bwana Vuyisile, mabaki ya redio yako nimeyakuta kwenye majivu. Chuma hakiungui upesi. Mtoto huyu angeniambia haikuwepo, hata habari ya harufu nisingeiamini. Nina Korvena nyingine zilizoungua kwingine, na wenyewe wananiambia walikuwa wamewasha hita kwa sababu ya baridi. Nilikosa mtu wa kuniambia moto ulianzia wapi."

Mjomba alikaa chini, akajifunika uso kwa mikono.

Sinazo alimtajia Bi. Naidoo Korvena ya shuleni, na kesho yake Mwalimu Ntlabathi aliambiwa asiwashe hita. Akasema ameiwasha asubuhi hiyo hiyo, na watoto wamelalamika harufu. Fundi alifungua chini ya dashibodi. Plastiki inayoshika nyaya za feni ya hita ilikuwa imeyeyuka na kuning'inia kama nta ya mshumaa. Mwalimu aliiona, akaenda kuwatafuta wanawe darasani mwao.

Miezi michache baadaye kampuni ilikiri kwamba sehemu ile ilisanifiwa vibaya tangu mwanzo, nyembamba mno kwa umeme wa hita. Iliwataka wenye Korvena wote wazirudishe zikatengenezwe, nao Mama akapewa gari jingine. Lakini redioni walisema wengi bado hawajazirudisha. Wengine walikuwa hawajasikia, wengine walisubiri nafasi.

Tangu hapo, Korvena yoyote ikisimama karibu na meza ya maandazi, Bibi huwaacha wateja wake, akachechemea na kugonga kioo. "Mwanangu, umeshalipeleka?"

Siku moja dereva kijana alimkejeli. "Bibi, siku hizi nawe ni fundi?"

"Mimi nauza maandazi," Bibi alisema. "Anayejua ni huyu mjukuu wangu. Sinazo, mwambie."

Sinazo aliona haya. "Bibi, atatucheka."

"Na acheke. Walikucheka, ukanyamaza, tukakaribia kuungua. Ukasema yote, hata yale ya kutuumiza, na watoto wa mwalimu wenu wako hai. Jambo la kweli liseme lote, na uliseme mapema. Kicheko cha mtu hakijamchoma yeyote."

Sinazo akainama dirishani, akaanza kumweleza.