Injini ya Kijani Inayokohoa

Jumapili ile ukumbi wa michezo wa Stockport, Uingereza, ulijaa wanaume wa makoti ya mvua, kila mmoja ameinamia meza kama anayetafuta sindano. Lilikuwa gulio la treni ndogo, zile za kukimbizwa mezani. Ukiziita za watoto mbele ya wenyewe utatukanwa kwa upole, maana ndivyo watu wa huku wanavyotukana.

Katikati ya kijivu hicho chote alisimama mwanamke mwenye koti jekundu na buti za njano za mvua. Alikuwa Hazel Tunnicliffe, muuguzi wa kliniki ya meno, na mikono yake ilikuwa imezama kwenye boksi la vyuma chakavu.

"Dada, hapo utachimbua mpaka Krismasi," sauti ilisema nyuma yake. "Unatafuta nini?"

Aliyesema ni Emrys Vaughan, dereva wa tramu za Manchester, mrefu, sweta lake limetoboka kiwikoni.

"Gurudumu la nyuma. La injini ya kijani."

"Ya kijani! Hiyo ni sawa na kwenda polisi useme umeibiwa na mtu aliyevaa suruali."

"Basi nimeshamkamata," Hazel alisema, akaitazama suruali ya Emrys.

Emrys alicheka mpaka wazee wakageuka. Alimtafutia gurudumu, akalipata, akakataa pesa. "Niletee hiyo injini niitengeneze yote. Kwangu kitu kibovu hakilali."

"Gurudumu nitalifunga mwenyewe. Kutwa nashinda kwenye vinywa vya watu, nitashindwa na hili?"

Wakaenda kunywa chai. Muuza chai aliwaita wote wawili "mpenzi", lakini huku muuza chai humwita hivyo hata mtoza kodi, kwa hiyo hawakulitilia maanani. Haukupita muda wakawa wanaitana hivyo wenyewe.

Mapenzi yao yalikwenda kwa simu. Emrys alikuwa na burudani moja: kusoma matangazo ya vichekesho kwenye tovuti za mnada, ambako kila aliyeokota behewa darini huliita nadra na kulipandisha bei kama madini. Wakati wa mapumziko alimpigia Hazel na kumsomea kwa sauti ya mtangazaji wa mazishi.

"Sikiliza hili, malkia wangu. 'Behewa moja, nadra sana. Halina paa wala magurudumu. Linamfaa mtu mwenye mawazo mapana.' Pauni mia mbili!"

"Mungu wangu! Na wewe mawazo yako mapana kiasi gani?"

"Yanaishia kwako, kipenzi."

Hazel alicheka, lakini si kwa moyo wote. Kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na tangazo.

Baba yake, Stan, alifariki na kuacha injini moja ya kijani. Ikienda mbele ilikuwa kimya; ikirudishwa nyuma ilikohoa, na Stan alikohoa pamoja nayo, na Hazel mdogo alicheka mpaka maziwa yakamtoka puani. Sasa mama yake, Maureen, ambaye Hazel aliishi naye, alikuwa anahamia nyumba ndogo na hakutaka chuma chochote kimfuate. Alimtaka Hazel aahidi kuiweka injini sokoni. Hazel akaahidi, akaiweka, kwa bei ambayo mtu mwenye akili zake hangeikaribia.

"Tangazo bado lipo?" Maureen aliuliza kila Jumapili.

"Lipo, Mama."

"Na mbona hainunuliwi?"

"Soko gumu, Mama."

Kadiri Emrys alivyozidi kuwacheka wauzaji wa aina hiyo, ndivyo Hazel alivyozidi kushindwa kumwambia. Siri ndogo huota mizizi hivyo hivyo.

Jumanne moja simu ikaita.

"Mpenzi, leo nimepata mfalme wao. Umekaa? 'Injini ya kijani. Nadra. Mbele inakwenda vizuri, ikirudi nyuma inakohoa. Iliwahi kuanguka kwenye mchuzi wa Krismasi. Paka hakuipenda.' Pauni mia tisa! Kwenye gulio unaipata ile ile na chenji ya chai inabaki. Huyu ama mwizi ama kichaa. Nimelirusha kwenye kundi letu la treni la kwenye simu, watu hawana mbavu."

"Watu gani?"

"Kundi zima, zaidi ya mia tatu. Hazel? Upo?"

"Nipo."

"Mbona hucheki?"

"Labda mambo ya treni siyaelewi," alisema, akakata simu.

Emrys aliitazama tena picha ya lile tangazo. Injini ilikuwa juu ya kitambaa cha meza chenye picha za mapeasi ya njano. Juu ya kitambaa hicho alikuwa amekula pai mara kadhaa, nyumbani kwa Maureen. Akajua mwenye tangazo ni nani.

Alipiga simu, haikupokelewa. Aliandika ujumbe, ukasomwa, haukujibiwa. Mwanamume akikosa la kusema hutafuta la kulipa, na Emrys hakuwa tofauti na wenzake. Alijiambia kwamba kama Hazel anaomba mia tisa, basi ana shida ya mia tisa. Akachukua akiba aliyoiweka kwa safari ya Uhispania, akabonyeza kununua.

Maureen ndiye aliyeiona habari kwanza, kwenye kompyuta ya nyumbani. Akapiga makofi. "Nilijua tu! Duniani wajinga hawaishi!" Aliifunga injini kwa taulo kuukuu, akaipeleka posta mwenyewe, bila hata kulitazama vizuri jina la mnunuzi. Hazel aliporudi kutoka kliniki alikuta rafu ya chumbani mwake tupu, yenye alama ya vumbi, akaketi chini na koti lake mwilini, akalia.

Kisha akaliona jina la mnunuzi, akapiga simu.

"Emrys. Umeinunua."

"Nimeinunua, roho yangu!" alisema kwa fahari. "Bei yako nzima, sikupunguza hata peni moja."

"Nani alikutuma?"

"Nilitaka kukuonyesha kwamba—"

"Niliweka mia tisa ili mtu yeyote asinunue! Nilimwahidi Mama kuiweka sokoni, sikumwahidi kwamba itauzika. Wewe unayejua bei ya kila injini Uingereza nzima, hilo ulishindwa kulijua?"

Emrys alisema taratibu: "Basi nakuletea leo hii."

"Usije. Kwanza umenicheka na watu mia tatu, halafu umemnunua baba yangu. Usije, Emrys."

Hakwenda. Aliendesha tramu, akataja vituo kwa sauti isiyo na mtu ndani yake. Alimpenda, na alikuwa ameharibu, na vyote viwili alivijua vizuri. Kifurushi kilipofika alikiweka mezani, akakaa mbele yake mpaka chai ikapoa. Ndipo akaandika tangazo.

"Injini ya kijani. Si nadra, zimejaa tele. Hii ni moja tu. Muuzaji ana dosari kubwa: aliwahi kucheka asichokielewa. Bei pauni milioni tisa, ili isinunuliwe. Haitumwi kwa posta. Mwenyewe aje kuichukua bure, na chai ipo."

Kundi liliona tangazo hilo kabla ya chakula cha jioni. Walilirusha huku na huku. Wakasema Vaughan amechanganyikiwa, wakasema bora yule wa mchuzi. Aliwajibu mara moja tu: "Yule wa mchuzi alikuwa anasema kweli tupu. Mimi ndiye nisiyejua kusoma." Halafu akawaacha wacheke.

Jumamosi mchana, mvua ikinyesha, mlango wake ulio juu ya duka la chipsi uligongwa. Buti za njano, koti jekundu.

"Nimekuja kwa ajili ya lile tangazo," Hazel alisema bila tabasamu.

"Karibu."

"Bei yako ya kichaa."

"Inazungumzika."

"Na picha ina ukungu."

"Mpiga picha alikuwa analia."

"Mwongo."

"Kidogo tu alilia."

Hazel aliingia. Injini ilikuwa tayari juu ya reli, kwenye meza ya jikoni. Aliitazama, kisha akaitazama mikono ya Emrys, ile mikono isiyoweza kuona kitu kibovu ikakiacha.

"Umeifanya nini?"

Emrys alizungusha kinobu cha kuiendeshea. Injini ikaenda mbele, laini, kimya, ikapita bakuli la sukari na kusimama. Laini mno, Hazel aliwaza; ameitia mafuta, ameiponya, ameniua.

Emrys akazungusha kinobu upande wa pili.

Injini ikarudi nyuma, ikakohoa.

"Sijaigusa," alisema Emrys. "Usiku kucha nilikuwa nimeikalia mikono yangu."

Hazel alijifuta macho kwa mkono wa koti. Injini ikakohoa tena, na yeye akakohoa pamoja nayo, kisha akageuka akamtazama Emrys na kungoja.

Emrys hakujua ni kwa nini, lakini naye akakohoa.