Mtungi wa Heliamu Chumbani

Kila asubuhi Mable alipika uji, akampa mama mkwe wake bakuli la kwanza, kisha akaketi mlangoni kuchambua maharagwe. Ndoo za maji hakuzigusa. Mumewe, Silvanus, ndiye aliyezibeba kutoka bombani, na majirani pale karibu na reli ya Voi walimcheka kwa hilo. Silvanus hakujali. Mable alikuwa na mimba ya miezi sita. Mimba mbili za kwanza zilikuwa zimeharibika, na nyumba nzima iliishi kwa hofu.

Mama yake Silvanus aliitwa Nyanya Wakio. Aliteremka kutoka Mwanda, kule milimani, ili amtunze mkaza mwanawe. Alimtunza kwa upendo mwingi na amri nyingi.

Ilikuwa Februari, mwaka 1980. Redio ilitangaza kwamba jua litapatwa. Mwezi utapita mbele ya jua na kulifunika lote, na Voi itaingia gizani mchana. Wanasayansi walikuja na mashine zao, wakapiga kambi nje ya mji. Silvanus akapata kazi ya kulinda vitu vyao.

Jioni moja alirudi akisukuma mkokoteni. Juu yake palikuwa na mtungi mrefu wa chuma.

"Ni nini hicho?" Mable aliuliza.

"Gesi ya kujazia maputo. Wanayarusha juu sana yakapime hewa. Gibson, dereva wao, ameniambia nisiuache juani."

"Hakusema kingine?"

"Alisema niuweke mahali penye hewa. Lakini nje wataiba, Mable. Hapa ndani kuna kivuli."

Basi Silvanus alisikia maneno mawili, akafuata moja. Watu wengi tuko hivyo. Aliuburura mtungi mpaka chumba cha kulala. Kwenye kizingiti ulianguka, na koki yake ikagonga saruji. Aliitazama koki, akaona haikuvunjika, akausimamisha mtungi ukutani.

Siku ya kupatwa ilipofika, Silvanus alienda kambini mapema. Nyanya Wakio naye alianza kazi yake. Alifunga madirisha. Alichukua magunia na nguo kuukuu, akaziba kila nafasi chini ya mabati. Akaweka blanketi chini ya mlango.

"Mama, joto litatuua," alisema Mable.

"Mwenye mimba haonwi na jua linalokufa. Hata mwanga wake usimguse. Umepoteza wawili. Unataka watatu?"

Swali lile lilimuumiza Mable, na Nyanya alijua.

Jirani yao Tryphena alibisha mlango. Alikuwa anafanya kazi katika kituo cha kupima hali ya hewa.

"Mable, njoo nikuonyeshe picha ya jua kwenye karatasi. Hatutalitazama kwa macho, maana linapofusha."

"Hatoki," Nyanya alijibu kutoka ndani. "Nenda, mwanangu."

Tryphena akaenda zake.

Chumbani palikuwa na giza, kwa hiyo Mable aliwasha koroboi, akaiweka kwenye rafu ya juu karibu na mabati. Alijilaza kitandani. Nyanya aliketi sakafuni kwenye mkeka, akaimba nyimbo za kanisani. Kulikuwa na sauti ndogo, sss, kama ya maji yanayoanza kuchemka. Walidhani ni joto la mabati.

Nje, jogoo waliwika na mbwa wakabweka. Jua lilikuwa linafunikwa. Wakati huohuo koroboi ikazima.

"Mafuta yameisha?" Nyanya aliuliza.

"Nimeijaza leo asubuhi."

Mable alipanda juu ya kigoda. Akawasha kijiti cha kiberiti mbele ya kifua chake. Kikawaka vizuri. Alipokiinua kwenye koroboi, kikazima. Akawasha kingine. Hicho pia kikafa palepale.

"Mama, kiberiti kina unyevu," alisema.

Nyanya aliacha kuimba. Sauti ile haikuwa ya Mable. Ilikuwa nyembamba na ya juu, kama ya mtoto mdogo.

"Nani anasema?" Nyanya aliuliza.

Mable alianguka kutoka kwenye kigoda. Ubavu wake uligonga ukingo wa kitanda, naye akatulia sakafuni.

Nyanya Wakio alipapasa gizani mpaka akamshika. Alimwita jina. Nje palikuwa na giza kamili, ndilo giza aliloliogopa maisha yake yote. Kama angefungua mlango, mwenye mimba angekuwa chini ya jua lililofunikwa. Kama asingefungua, Mable angekufa hapa mikononi mwake. Nyanya alilia kwa sauti. Kisha akalipiga teke lile blanketi, akafungua mlango, akamburura Mable mpaka uani. Alimlalia juu, akamfunika uso kwa leso yake.

"Kama ni mtu unamtaka, nichukue mimi," aliliambia giza.

Mable alikohoa. Akavuta pumzi ndefu. Mwanga ukaanza kurudi juu ya mabati, na Tryphena akaja mbio.

Nyanya alimweleza yote, hata ile sauti aliyodhani ni ya shetani. Tryphena aliingia ndani akiwa ameinama. Alisikia ile sss. Alikaza koki, akasoma jina la gesi kwenye mtungi, akang'oa magunia yote ya juu, akatoka nje kupumua.

"Hakuna shetani, Nyanya," alisema. "Ni gesi inaitwa heliamu. Haina harufu wala rangi. Si sumu, na haiwaki moto. Lakini inachukua nafasi ya hewa tunayovuta. Ni nyepesi, kwa hiyo inapanda na kujaa juu. Ndiyo maana koroboi imezima kwanza. Mable alipopanda, kichwa chake kiliingia ndani ya gesi. Ndiyo iliyombadilisha sauti. Kuanguka kumemrudisha kwenye hewa. Lakini gesi ilikuwa bado inashuka. Ungechelewa kufungua, ingewafikia nyote wawili."

"Na hawa wageni, gesi kama hiyo wameitoa wapi?" Nyanya aliuliza.

"Inachimbwa chini sana ya ardhi. Lakini watu waliijua kwanza kwenye jua. Zamani, zaidi ya miaka mia, wataalamu walipima mwanga wa jua siku lilipopatwa, kama leo. Wakaona alama ya kitu wasichokijua hapa duniani. Wakakiita kwa jina la jua, kwa Kigiriki. Jua na nyota nyingine nyingi zinaitengeneza mpaka sasa. Zinabana gesi nyingine, haidrojeni, inageuka heliamu, na huko ndiko mwanga na joto vinakotoka. Hata Mshtarii, ile sayari kubwa, imejaa gesi hizo mbili."

Nyanya Wakio alitazama mlango wa nyumba yao.

"Nimelifungia jua nje," alisema, "kumbe mwanangu alishalileta ndani."

Mable hakuwa anasikiliza. Mikono yake ilikuwa tumboni.

"Mama, mtoto hachezi," alisema.

Silvanus alifika na Gibson ndani ya Land Rover ya kambi. Alipoelezwa, alipiga magoti kando ya Mable.

"Mimi nilikuambia mahali penye hewa, Silvanus," Gibson alisema kwa upole.

"Uliniambia," Silvanus alijibu.

Mable alipokuwa akipandishwa garini kwenda hospitali, Silvanus aliutoa mtungi ule nje. Aliuweka chini ya kibanda kisicho na kuta, umesimama, umefungwa kwa mnyororo kwenye nguzo. Tangu siku hiyo hakuna mtungi wa gesi yoyote uliolala ndani ya nyumba yake.

Hospitalini, muuguzi alimlaza Mable. Aliweka bomba dogo la mbao juu ya tumbo, akainamisha sikio. Akalisogeza. Akalisogeza tena. Silvanus alisimama akiutazama ukuta.

"Nimemsikia, yupo hai," muuguzi alisema mwishowe.

"Unasema tu kututuliza," alisema Nyanya Wakio.

"Njoo usikilize mwenyewe, Nyanya."

Nyanya alivua kitambaa cha kichwa. Aliinama polepole, kwa sababu mgongo ulimuuma tangu alipomburura Mable. Aliweka sikio kwenye lile bomba. Mable alimtazama usoni, akisubiri.

"Mama?"

Nyanya Wakio alimnyamazisha kwa mkono. Machozi yalimtoka, yakadondoka juu ya tumbo la mkaza mwanawe.

"Anakimbia," alisema. "Moyo wake unakimbia. Niacheni kwanza nisikie."