Bafu la Bibi Mwanahawa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Somoe alifagia uwanja, akaenda bombani na ndoo yake, kisha akabisha mlango wa chumba cha bibi yake. "Shikamoo, bibi," alisema. Sauti ya ndani ilimjibu, "Marahaba, mke mwenzangu. Umeamkaje?"

Utani huo ulianzishwa na babu. Alikuwa akimwita Somoe mke wangu mdogo, na bibi akajifanya kuona wivu. Babu alifariki wakati wa masika, na siku ya tatu ya msiba Bibi Mwanahawa alimwambia mjukuu wake kwamba sasa wamefiwa wote wawili, ila mmoja tu ndiye atakayefungiwa ndani. Somoe alicheka na kulia kwa pamoja.

Bibi alikuwa amekaa eda. Kwa miezi minne na siku kumi hakutoka nje ya nyumba yao ya Magomeni, hapa mjini Mtwara, wala hakuonana na mwanamume asiye ndugu yake. Wako wajane wanaozungumza na wanaume nyuma ya pazia, lakini Bibi Mwanahawa alishika mambo kwa ukali wake mwenyewe. Hata sauti yake hakutaka isikike. Wazazi wa Somoe walikuwa katika kijiji cha ujamaa upande wa Mnazi Bay, wakilima mihogo na korosho, na Somoe, aliyekuwa darasa la sita, ndiye aliyeishi naye.

Shida ya nyumba ile ilikuwa bafu. Lilikuwa uani, mawe matatu juu ya tope, limezungushiwa makuti yaliyochakaa, na njia ya watu ilipita karibu sana. Mjane wa heshima kama Bibi Mwanahawa alilazimika kuoga alfajiri, huku amejifunika kanga, akisikiliza nyayo za wapita njia. Na siku ya kutoka eda ilikuwa inakuja. Siku hiyo akina mama wa ukoo hukusanyika, wakamwogesha mjane, wakamvika nguo mpya na kumtoa nje. Bibi alitaka kuogeshwa ndani ya nyumba aliyojengewa na mumewe, mahali pasafi penye sakafu ya saruji. Hakutaka kitu kingine chochote.

Jirani yao, Bi Sharifa, alimtaja Fundi Bakari. Fundi huyo alikuwa na maneno matamu na suruali iliyopigwa pasi, nao ni mwanzo mbaya kwa mtu anayeshika saruji. Alipima kwa hatua zake, akasema atajenga kuta za matofali na sakafu, atatoboa mlango wa kuingilia kutoka chumbani kwa bibi, na atachimba shimo la maji machafu nyuma. Bei yake ilikuwa kubwa, lakini babu alikuwa ameacha akiba, na bibi akakubali.

Baada ya wiki moja fundi alirudi na uso wa huzuni. Saruji imeadimika madukani, alisema, na hilo lilikuwa kweli, kila mtu alilijua. Basi amelazimika kuinunua kwa watu wanaoiuza kwa siri, na bei yake ni maradufu. Baba yake Somoe, Selemani, alipokuja kutoka kijijini, bibi alimwagiza auze baiskeli ya marehemu. Aliiuza, akaacha fedha, akarudi shambani. Kwa gharama ile mtu angejenga chumba kizima na kubakiwa na fedha ya rangi.

Kwa kuwa bibi hakuweza kumwona fundi, maneno yote yalipitia kwa Somoe. Bibi alimwuliza mchanga umetoka wapi, na saruji imewekwa kiasi gani. Mwanzoni Somoe alifurahia cheo hicho. Alisimama kando ya fundi mikono kiunoni, akaona vipande vidogo vya kombe ndani ya mchanga, akaviona vinapendeza. Hakumtajia bibi, kwa sababu hakujua kwamba mchanga wa pwani una chumvi na haufai kujengea.

Lakini mwezi huo shule yao ilikuwa ikifanya mazoezi ya halaiki ya Saba Saba, na Somoe alikuwa amechaguliwa kusimama mstari wa mbele. Aliyechelewa mazoezi mara mbili alirudishwa nyuma. Yeye alikuwa amekwisha kuchelewa mara moja, kwa ajili ya kumpikia fundi uji.

Siku ya kumalizia kazi, bibi alimpa fedha ya mwisho iliyofungwa kwenye kitambaa. Akamwambia polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto sala:

"Usimpe kwanza. Chukua ndoo ya maji, yamwage kwenye kona ya mbali. Tazama yanakwenda wapi. Yakienda kwenye tundu la nje, mpe haki yake. Yakirudi huku kwangu, njoo uniambie."

Somoe alichota ndoo akaenda. Fundi Bakari alikuwa ameshakusanya vifaa vyake. Alimzuia kwa upole, akasema sakafu bado changa na maji yataipasua, mtoto mwenye akili kama yeye hawezi kutaka kuharibu bafu la bibi yake. Liachwe bila kukanyagwa mpaka siku yenyewe. Somoe alijua bibi amesema nini. Alisikia pia ngoma ya shule ikianza kupigwa kule uwanjani.

Akaiweka ndoo chini. Akampa fundi kitambaa.

Alipopita chumbani kuchukua nguo zake za halaiki, bibi alimwuliza maji yamekwendaje. "Yamekwenda vizuri, bibi. Yote yametoka nje," alijibu. Akaongeza kwamba fundi ameomba lisikanyagwe kwanza, likomae. Bibi alishukuru Mungu kwa sauti, akamwombea marehemu. Shukrani hiyo ilimchoma Somoe kuliko ambavyo kofi lingemchoma, lakini alikimbia uwanjani, na alisimama mstari wa mbele.

Siku ya kutoka eda ilifika. Akina mama walijaa nyumbani tangu asubuhi, wakipika wali na kusimuliana habari za marehemu. Bi Asha, dada mdogo wa bibi, ndiye aliyeongoza shughuli. Bibi alipofunguliwa mlango wa bafu jipya alisimama kizingitini akalitazama. Kwa macho lilipendeza kweli, ijapokuwa madoa meupe ya chumvi yalikuwa yamejitokeza chini ya kuta. Alivua viatu akaingia kwa adabu, kana kwamba anaingia kwa watu.

Walimwaga ndoo ya kwanza, kisha ya pili. Maji hayakwenda nje. Yalikusanyika katikati, yakageuka, yakapita chini ya mlango na kuingia chumbani. Yalilowesha mkeka, yakafika kwenye godoro, yakazifikia nguo mpya zilizokuwa zimetandikwa chini juu ya kanga. Akina mama walikimbilia matambara. Mguu wa Bi Asha ulizama kidogo, na alipoutoa, kipande cha sakafu kilinyanyuka pamoja nao, laini, na alipokiokota kikamumunyuka mkononi kama unga wa muhogo.

Ilibidi Bibi Mwanahawa atolewe nje akiwa amejifunika kanga iliyolowa, apitishwe uwanjani mbele ya vijana waliokuwa wakipasua kuni, apelekwe kwenye bafu la makuti la Bi Sharifa. Alipomaliza kuogeshwa alivikwa nguo ya kuazima, kwa maana zake zilikuwa zinaanikwa. Somoe aliyaona yote hayo kutoka jikoni, na alitamani ardhi immeze.

Jioni ile Bi Sharifa alikuja akilia, akisema yeye ndiye aliyeleta balaa kwa kumtaja fundi huyo. Baadhi ya akina mama walikwisha kumnunia. Somoe alimtazama akilia kwa kosa lisilokuwa lake, na hakufungua mdomo. Usiku huo hakula.

Kesho yake balozi wa nyumba kumi, Mzee Andrea, aliitisha kikao barazani kwake. Alikuwa mfanyakazi wa bandari, mtu mwenye haraka katika kila jambo isipokuwa vikao. Fundi Bakari aliitwa, akaja na suruali yake ile ile. Bibi Mwanahawa, ambaye sasa aliruhusiwa kuonana na watu, alikaa mkekani na Somoe pembeni yake.

Fundi alijitetea vizuri. Alisema kazi yake ilikaguliwa. Mwenye nyumba alimtuma mjukuu kumwaga maji, maji yakaenda, ndipo akalipwa fedha ya mwisho. Kama baadaye sakafu imeharibika, basi akina mama wamezidisha ndoo.

Watu wakamgeukia Somoe. Bibi naye akamtazama, akamwambia balozi kwa utulivu kwamba ni kweli, mtoto alimwaga maji na akamletea habari. Alisema hivyo kwa uhakika wa mtu anayemtetea wake.

Somoe aliona kwamba akinyamaza tu, hakuna atakayejua. Fundi alikuwa ameusema uongo ule ule aliousema yeye, na bibi ameuthibitisha mbele ya watu wazima. Lakini fundi angeondoka na fedha, na Bi Sharifa angeendelea kununiwa.

"Sikumwaga," alisema. Akarudia kwa sauti kubwa zaidi. "Sikumwaga maji, mzee. Fundi alinizuia, nami nilikuwa nawahi halaiki. Nikamwambia bibi yamekwenda vizuri. Nilimdanganya."

Bibi hakumtazama tena. Alirekebisha upindo wa kanga yake, akatazama mbele.

Mzee Andrea alimgeukia fundi. Alimwuliza kwa nini mtu mwenye kazi nzuri aikataze ndoo moja ya maji. Kisha akamwuliza jambo jingine: "Ulisema saruji uliinunua kwa walanguzi. Tutajie majina yao, twende nayo kwenye tawi la chama sasa hivi. Kama hukuinunua kwao, basi utuambie fedha ya baiskeli ilikwenda wapi."

Fundi Bakari alifuta jasho. Miaka ile kesi ya ulanguzi haikuwa ya kuchezea, na kila jibu lilikuwa na shimo lake. Mwishowe alikiri kwamba saruji aliipata dukani kwa bei ya kawaida, na nusu yake aliipeleka kwenye nyumba nyingine aliyokuwa akiijenga. Mchanga aliuchota pwani ili asilipie gari. Kikao kikaamua kwamba ataibomoa sakafu yote na kuijenga upya kwa saruji ya mfukoni mwake. Fedha ya baiskeli hakuwa nayo tena, alikwisha kuitumia.

Kazi ilirudiwa. Vijana wa mtaa walijitolea kuleta mchanga wa bondeni, na safari hii Bibi Mwanahawa alikaa kwenye kiti hatua chache kutoka kwa fundi, tangu asubuhi mpaka adhuhuri, bila kumsemesha. Sakafu ilipokauka alimwaga ndoo kwa mkono wake mwenyewe. Maji yalikwenda moja kwa moja kwenye tundu la nje. Somoe alikwenda kwa Bi Sharifa kuomba radhi, akasamehewa na kupewa kipande cha muhogo.

Nyumbani mambo hayakuwa mepesi hivyo. Bibi alimjibu salamu zake, alimpa chakula, lakini hakumwita tena mke mwenza. Siku kadhaa zilipita. Jioni moja Somoe alishindwa kuvumilia. Akamwuliza kama wanaweza kuwaita tena akina mama, wamwogeshe upya katika bafu zuri, ili siku yake iwe kama alivyotaka.

Bibi alitikisa kichwa. "Mtu hatoki eda mara mbili kwa mume mmoja, mjukuu wangu. Siku ile imepita kama ilivyopita."

Somoe alianza kulia. Bibi alimsogelea akamshika bega.

"Sikiliza. Bakari alininyima saruji, na saruji imerudi. Mimi nilikuwa nimefungiwa ndani, nikakufanya wewe macho yangu. Uliponiambia umeona, mimi nikawa nimeona. Ndiyo maana niliiweka ile nguo yangu pale chini bila wasiwasi. Ungeniambia tu, bibi sikumwaga, ningekugombeza kidogo, ningekutuma tena, na yangekwisha. Pale barazani ulisema kweli, na nilijua ni vigumu. Nimeshukuru. Lakini kweli ina wakati wake, na ikichelewa kuna vitu haivikuti tena. Ukitumwa kuangalia, angalia. Kama hukuangalia, sema hukuangalia. Mtu asikuambie kuna kazi kubwa kuliko hiyo."

Alimwacha alie mpaka amalize. Kisha akamwambia, "Haya, mke mwenzangu, nenda jikoni ukatazame kama maharage yameiva. Nina njaa."

Somoe alifuta uso akaenda. Alifunua chungu, akachota punje chache kwa mwiko, akazibonyeza kwa kidole, akaonja moja.

"Bado, bibi," alisema.