Barabara Aliyoifunga Séphora

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kuteka maji, Kanyere na mdogo wake Séphora walisali na mama yao nyumbani kwao Kimemi, mjini Butembo. Kanyere aliombea familia. Séphora aliomba kusafiri dunia nzima, na alimkumbusha Mungu asichelewe. Ilikuwa miaka ya vita, hivyo dunia yake ilikuwa imeishia sokoni.

Wakati wa likizo, shangazi yao Agar alijifungua huko Beni. Baba aliposikia kwamba njia ni tulivu, aliwakabidhi kwa jirani yao Malachie, dereva wa lori la kabichi, wampelekee mzazi unga na maharagwe.

Safari nzima Séphora hakufunga mdomo. Nani anakaa kule mlimani? Mbona miti ya huku ni mirefu kuliko ya kwetu? Mawingu yalipofunguka na milima ya Ruwenzori ikaonekana, vilele vyake vyeupe kama unga, alimvuta dada yake mkono.

"Yaya, ni nani alimwanga bunga kule yulu?"

"Ni neige. Mwalimu alisema ni maji yenye kuganda."

"Lakini inaganda namna gani na jua hii?"

Malachie alicheka tu, maana hata yeye hakujua.

Siku zile, aliyetoka safarini aliulizwa habari za njia hata kabla ya kupewa maji ya kunywa. Kwa maneno yake watu waliamua kwenda shambani au kubaki nyumbani. Malachie aliwashusha kwa shangazi, akaenda sokoni. Kanyere alipoingia ndani kumwona mtoto mchanga, majirani walimzunguka Séphora uani.

"Njia iko namna gani, mutoto?" aliuliza Mama Florentine, aliyebeba mtoto mgonjwa mgongoni.

Séphora hakuwahi kusikilizwa na watu wazima wengi hivyo. Aliona aibu kusema ameona kabichi na milima tu.

"Tuliona basoda bengi! Balifunga njia na miti!"

Waliposikia habari ya askari, watu walishika vichwa. Mama Florentine alikuwa amepanga kuondoka mchana uleule na lori la Malachie, ampeleke mtoto hospitali Butembo. Malachie mwenyewe alikuwa bado sokoni akishusha mizigo.

"Donc tunabakia," alisema Mama Florentine kwa sauti ndogo, akarudi kwake.

Chakula kilipoandaliwa, shangazi alimwambia Séphora asali.

"Bwana Yesu, bariki chakula hii. Uponyeshe mutoto wa Mama Florentine. Ufungue njia..."

Hapo alifumbua macho. Machozi yakamtoka.

"Malizia, bugali inapoa," alisema shangazi.

"Shangazi, njia iko wazi. Ni miye niliifunga, na kinywa yangu."

Shangazi Agar hakumpiga. "Kimbia, umuambie wewe mwenyewe! Kanyere, enda sokoni, Malachie asitoke!"

Mbele ya majirani wote Séphora alisema ukweli, huku uso ukimwaka kwa aibu. Mama Florentine alimtazama kwa hasira, akamfunga mtoto mgongoni na kutoka mbio. Lori lilikuwa limeshawashwa.

Jumapili moja baada ya misa, Mama Florentine alirudi kutoka Butembo na mtoto wake. Séphora alijificha nyuma ya shangazi.

"Toka huko. Muganga alisema tungechelewa kidogo, huyu angekufa. Ukweli yako ilichelewa, mais ilitufikia."

Shangazi alimshika Séphora bega. "Kupenda kuona dunia ni vizuri, mwanangu. Lakini wakati wa vita, batu benye habakuona njia banatembea na macho yako. Kama haukuona kitu, usiseme uliiona."

"Ndiyo, shangazi."

"Basi inama," alisema Mama Florentine, akampandisha mtoto mgongoni mwa Séphora. "Umubebe kidogo. Amerudia kuwa muzito."