Njia ya Kutokea Bondeni

Siku yake ya kwanza kazini, kabla hata hajaonyeshwa choo kiko wapi, alikuta mchanga kwenye kiti chake. Mchanga mwekundu, mlaini, ndani ya chumba cha ghorofani ambacho madirisha yake hayafunguki. Akaupangusa kwa kiganja, akakaa. Mwenye shida hachagui pa kukaa.

Kiti kilikuwa cha kaka yake. Kaka ndiye aliyekuwa akitengeneza milima ya ofisi ile, milima ya kwenye kompyuta, inayowekwa nyuma ya waigizaji wa filamu watu wakadhani walisafiri kweli. Mchana mmoja wenzake walirudi kutoka kula, wakamkuta amekaa, macho wazi, haoni wala hasikii. Tangu hapo alikuwa kitandani nyumbani, mama akimlisha uji kwa kijiko. Madaktari walimpima kila kitu wakasema mwili wake ni mzima. Majirani hawakupima chochote, wakasema ni jini. Bosi, kwa huruma au kwa kukosa mtu, akampa dada mtu nafasi ya kujaribu, naye akaipokea kwa sababu nyumba ilihitaji kula, na kwa sababu alitaka kujua kaka yake aliona nini mchana ule.

Ofisini walimwita Mgeni. Aliyeanza ni mzee wa rangi, jamaa mcheshi wa meza ya jirani, ambaye kazi yake ilikuwa kutia rangi mawingu na majani. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," alimwambia akicheka, maana kazi ilikuwa imelala tangu mwenye kiti augue. Jina likaganda hapohapo. Nyumbani hakulitaja kamwe. Nyumbani alikuwa na jina lake, Kitinda, alilobandikwa na kaka yake siku alipozaliwa, kwa kuwa ndiye wa mwisho.

Mzee wa rangi alimfundisha kwa uvumilivu. Kwenye kioo cha kompyuta hakukuwa na mlima wa kufinyanga kwa mkono. Kulikuwa na visanduku vidogo vilivyounganishwa kwa nyuzi, kila kimoja kikimpa mwenzake kazi kiliyoimaliza. Cha kwanza huinua mlima. Cha pili huunyeshea mvua mpaka mabonde yachimbike, cha tatu hupitisha upepo, kingine huchora njia. Ukichomoa uzi mmoja, vyote vya mbele yake hubaki na njaa. Chini kabisa kulikuwa na namba, waliyoiita mbegu. Namba ileile huotesha nchi ileile, na kando yake palikuwa na picha ya kete. Ukiibonyeza, namba hubadilika na nchi nyingine kabisa huota.

"Hiyo kete usiichezee," mzee wa rangi alimwonya. "Andika namba kwanza. Ukiipoteza, bonde lako limekwenda. Hutalipata tena hata ukitafuta mpaka uote mvi."

Akaambiwa ajifunze kwa kulichungulia faili la kaka yake. Lilikuwa bonde zuri, limezungukwa na milima pande zote, halina pa kutokea. Katikati palikuwa na kijia chembamba, kama cha watu wa miguu. Kitinda akatafuta ni kisanduku gani kilichokichora, akashangaa. Kisanduku cha njia kilikuwa kimetupwa pembeni, hakina uzi hata mmoja. Kesho yake kijia kilikuwa kirefu zaidi. Keshokutwa yake kilikuwa kimelizunguka bonde lote, kikarudi kilikoanzia, kikaanza kuzunguka tena, na kila alipogusa kisanduku cha mvua, chumba kilinuka udongo uliolowa. Alimuuliza mzee wa rangi kama naye anasikia harufu. Mzee wa rangi akasema labda ni kiyoyozi, kisha akahamisha kiti chake mbali kidogo.

Jioni, nyumbani, alimkuta mama akimwosha kaka miguu, kama alivyofanya kila jioni. Safari hii Kitinda aliyatazama maji ya beseni. Yalikuwa mekundu.

"Mama, kaka ametoka kitandani leo?"

"Atoke na miguu ya nani, mwanangu?"

Usiku ule hakulala. Alfajiri alikwenda kwa shangazi yake, dada wa marehemu baba, mganga ambaye ukoo mzima ulimcheka mchana na kumtafuta kwa siri ukipatwa na jambo. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga mlango kabla ya kujibu.

"Nchi tupu haikosi mwenyewe," alisema kwa sauti ya chini. "Nyinyi mnaziotesha kila siku, mnaziacha wazi, mnadhani zitakaa hivyohivyo? Kaka yako kaingia kwa mtu bila hodi, na mwenyeji kamzuia. Hapo kitandani mmebaki na gamba."

"Atatokaje, shangazi?"

"Mfungulie njia. Akishatoka, funga upesi, mwenyeji asimfuate. Lakini nisikilize vizuri. Usifunge mpaka umsikie akikuita kwa jina lako la nyumbani. Yule mwingine hajui majina ya nyumbani."

Mchana, wenzake walipoteremka kula, Kitinda alisema hana njaa. Akavuta uzi, akauchomeka kwenye kile kisanduku kilichotupwa, akachora njia pana kutoka katikati ya bonde, ikapasua milima mpaka ukingoni mwa nchi. Akaita jina la kaka yake, taratibu, kama mtu anayemwamsha mtoto. Harufu ya udongo ikaja, na nyuma yake harufu nyingine, ya pango lililofungwa muda mrefu. Mashine ikaanza kuhema, ikivuta na kutoa, ikivuta na kutoa, na chini ya mlima mkubwa kuliko yote, mahali ambapo hapajawahi kuwa na unyayo, kikatokea kijia kipya, kimenyooka, kikaingia njiani bila kusita, kikaenda mpaka ukingoni, kikakatika.

Simu ikalia. Alikuwa mama, naye alikuwa analia.

"Ameamka. Ameketi mwenyewe. Anakuulizia wewe."

Akacheka kwa furaha peke yake chumbani. Kisha akaona kile kijia cha zamani, cha kuzungukazunguka, kimeacha mzunguko wake na kinakuja upande wa njia, kinakuja mbio, kikipinda, kikikatika na kuanza tena, na ndani ya mashine ile isiyo na spika zikasikika nyayo kwenye tope, zikikaribia, na mchanga ukaanza kububujika kati ya vitufe, ukamfunika vidole, wa baridi, na kichwani mwake likabaki wazo moja tu, kwamba kama kaka ameshatoka, anayekuja nyuma yake ni nani kama si mwenyeji, na hakumwuliza mama lolote, na hakuandika namba, akabonyeza kete.

Milima ikaporomoka, ikaota mingine. Akahifadhi juu ya faili la zamani, lisibaki hata punje. Nyayo zikanyamaza, na wenzake wakarudi wakiongelea mpira.

Alikimbia nyumbani. Kaka alikuwa ameketi kwenye kiti cha sebuleni, mgongo umenyooka, bakuli mkononi, na mama miguuni pake na beseni, anacheka huku machozi yanamtoka. Maji ya beseni yalikuwa safi, hata vumbi hayakuwa nalo. Kitinda aliyatazama yale maji, akakumbuka ni kijia kipi kilichonyooka, na ni kipi kilichokuja kikijikwaa kama mtu aliyechoka kwa kuzunguka.

Kaka akainua uso, akatabasamu.

"Karibu, Mgeni," alisema.

"Mgeni kwake mwenyewe?" Mama alicheka. "Msamehe, bado hajakaa sawa."

Simu ya Kitinda ikaita. Alikuwa mzee wa rangi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na utani.

"Umeifanya nini mashine yako? Nimechomoa waya ukutani na bado inatoa sauti. Kuna mtu humo anaita. Anaita Kitinda, Kitinda. Unamjua huyo Kitinda?"

Kitinda akainua macho. Yule aliyeketi kwenye kiti alikuwa ameweka bakuli chini, anamsikiliza kwa makini.

"Subiri," mzee wa rangi alinong'ona. "Sasa yuko mbali. Simsikii vizuri tena."